Barabara ya Kwenda kwa Mlunga

Nimeacha kazi kabla ya kuota mvi hata moja, na nimejitazama vizuri kwenye kioo. Kwa miaka saba nimepanga safari za wageni kutoka hapa Morogoro kwenda kwenye vijiji vya Uluguru, na sasa kiti changu kimekaliwa na ninyi wawili. Mmeniomba niwaandikie jinsi kazi inavyofanywa. Nitaandika, ila kwanza niseme ukweli: njia nilizowaachia ni nzuri, isipokuwa moja, na hiyo moja ndiyo iliyonitoa. Habari za mshahara na nani alipandishwa cheo waulizeni wengine. Mambo hayo hayakuwahi kuninyima usingizi. Yaliyoninyima ni haya.

Kusoma nilijifundisha mwenyewe. Nilikuwa nikibeba mizigo stesheni, na kila sanduku lililoshushwa lilipigwa chapa ya neno moja, nami nikalijua kwa sura kabla ya kuzijua herufi zake. Lilikuwa ni Morogoro. Neno hilo lina o nne katika herufi nane, na hiyo ndiyo bahati yangu, maana ukishaijua o umeshaujua nusu ya mji. Nusu iliyobaki nilihangaika nayo mwaka mzima, nikiuliza herufi mojamoja kwa yeyote aliyepita, kama mtu anayeomba moto wa kuwashia jiko.

Kujifundisha kuna ubaya wake. Mtu aliyekwenda shule akikosea humlaumu mwalimu. Mimi nilikuwa mwalimu na mwanafunzi, kwa hiyo nilichapwa mara mbili. Mpaka leo, kila ninapoandika, nahisi ipo kanuni ambayo watu wote wanaijua na hakuna aliyekumbuka kuniambia.

Aliyeniajiri ni Bwana Kosta, Mgiriki mwenye duka karibu na stesheni. Kwake mgeni aliyeshuka kwenye gari la moshi alipata hema, kitanda cha kukunja, wapagazi, na karatasi. Karatasi ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Ilimwambia mgeni kila siku aondoke saa ngapi, maji yako wapi, atavuka mito mingapi, atalala kijiji gani na jumbe wake anaitwa nani.

Siku ya kwanza nilipewa safari ya siku tatu. Niliiandika, tone la wino likaanguka, nikaiandika upya. Nikaona mstari mmoja umepinda, nikaiandika upya tena. Hadi adhuhuri nilikuwa nimeandika nakala kumi na moja, na Bwana Kosta alikuja akasimama mlangoni akihesabu karatasi zake chini ya meza yangu. Alimwita Mrisho.

Mrisho alikuwa kirongozi. Ninyi hamkuziona siku zile: kabla ya reli, kila msafara ulikuwa na mtu wa kutangulia mbele, anayejua njia na anayejua watu wa njiani, na huyo ndiye aliyeitwa kirongozi. Reli ilipofika, goti la Mrisho nalo lilikuwa limechoka, akapewa kiti cha kukalia pale dukani na kazi ya kuwachekesha wapagazi. Kusoma hakujua. Aliichukua nakala yangu ya kumi na moja, akaishika chini juu.

"Karatasi nzuri," alisema. "Mto umeuweka wapi?"

Nikaigeuza. "Huu hapa, Kirongozi. Mstari wa nne."

"Una maji kiasi gani?"

"Hilo sikuandika."

"Basi huo si mto, karani. Ni wino."

Wapagazi walicheka mpaka mmoja akaweka mzigo chini. Mimi nilitamani kutoroka nirudi stesheni kwenye masanduku yangu. Lakini kesho yake Mrisho alinitoa pale mezani, tukaenda kwa miguu, yeye na fimbo yake, na ndivyo alivyofanya mwaka mzima. Kila nilichokijua kuhusu kazi hii nilikijua nikiwa nyuma ya mgongo wake, nikisikiliza goti lake likilia.

Alinifundisha kutumia uzi. Unautundika kiunoni, na kila mahali mpagazi mwenye mzigo anapoutua bila kuambiwa, unafunga fundo. Mimi nilitaka kufunga fundo kila baada ya saa moja, kwa kuwa nilikuwa na saa ya mfukoni na niliionea fahari. Akakataa. Alisema saa inajua jua liko wapi, haijui mlima uko wapi. Njia yenye mafundo sita ni siku nzima, hata kama kwenye ramani ni fupi kama kidole.

Alinifundisha kuuliza. "Usimuulize mtu wa mlimani kama ni mbali," alisema. "Watu wa huku wana adabu, hawapendi kukuvunja moyo. Atakwambia ni hapo tu. Msalimie kwanza, subiri amalize habari za nyumbani, kisha umuulize: ukiondoka hapa sasa hivi, chakula cha mchana utakula wapi? Hapo hawezi kukudanganya, kwa sababu anaufikiria ugali wake."

Na alinipa kanuni moja ambayo aliirudia kuliko zote: usiandike mahali ambapo hujapakanyaga.

Miaka ilikwenda hivyo. Nilizoea kazi lakini wasiwasi haukunizoea. Msafara ukiondoka asubuhi, mimi nilikaa dukani nikisafiri nao kichwani, navuka nao mito, nasahau nao chumvi. Safari moja alikuja mpiga picha mwenye masanduku sita ya vioo vya kupigia picha. Niliandika tahadhari kwenye kila sanduku, pande zote nne na chini, nikawahutubia wapagazi nusu saa. Walizunguka milima siku tisa, wakavuka maji ya kifuani, wakavirudisha vioo vyote vizima. Sanduku moja lilivunjikia stesheni, kwenye kulipakia. Nilikuwa nimemnyang'anya mpagazi nilibebe mwenyewe ili liwe salama.

Nawasimulia hilo ili mjue kwamba kosa kubwa nililolifanya baadaye halikutokana na uzembe. Ningekuwa mzembe, ningelala vizuri zaidi.

Mwaka huu, kiangazi kilipokuwa kinaelekea mwisho, gari la moshi lilileta motokaa. Ilikuwa juu ya behewa lililo wazi, imefungwa kamba kama ng'ombe mkali, na mji mzima ulikwenda kuitazama. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kidachi, yaani Mjerumani, aliyefuatana na mkewe. Ujanani aliwahi kupita milima yetu kwa miguu na msafara, na sasa alitaka kumwonyesha mkewe vile vijiji vya kale, siku tano, bila kumtembeza. Tulimwita Mgeni tu. Kiswahili alikijua, kile cha wapagazi wa zamani, chenye maneno mengi ya kubeba na kutua.

Dereva wake alikuwa Sefu, kijana wa Dar es Salaam mwenye kofia ambayo hakuivua hata ndani ya nyumba. Nilimwendea na kalamu.

"Kwa siku inakwenda mwendo gani?"

"Inategemea inaamka vipi."

"Inahitaji nini?"

"Maji. Inakunywa kuliko ng'ombe, na haikamuliwi." Akaipiga bodi kwa kiganja. "Na njia, karani. Upana wa hatua nne, visiki vyote ving'olewe. Wewe unaruka kisiki, huyu haruki."

Hapo ndipo kazi yangu ilipobadilika, nami sikuona. Hadi Mkuyuni barabara ya magari ya kukokotwa ilikuwapo. Kuanzia hapo mbele ni njia za miguu. Kwa hiyo nakala ya karatasi yangu ilipelekwa kwa akida, aliyewasimamia majumbe wa milimani kwa niaba ya serikali, naye angeagiza kila jumbe na watu wake wafungue sehemu iliyo karibu na kijiji chao. Siku zote karatasi zangu zilikuwa za kusomwa. Hii, kila nilipoandika jina, watu walishika majembe.

Kijiji ambacho Mgeni alikitaka kuliko vyote kiliitwa kwa Mlunga. Aliniambia alilala pale akiugua homa, na mzee mwenye kijiji, mwenye jicho moja bovu, alimwuguza siku nne. Palikuwa na mkuyu mkubwa na kijito karibu na mlango. "Mwandike Mlunga siku ya tatu," alisema. "Vingine hata ukivifuta, huyo usimfute."

Sikuwahi kufika kwa Mlunga. Lakini vijiji vya huko huitwa kwa jina la mwenyewe, kila mtu anavijua, nami nikaenda sokoni. Nilimsalimia mama mmoja aliyeshuka na kabichi, nikasubiri amalize habari za nyumbani, nikauliza.

"Kwa Mlunga? Napita kila wiki, mwanangu. Ukitoka Mkuyuni unavuka kijito cha pili, unapanda mkono wa kushoto mpaka kileleni. Hupotei."

Nikawauliza wengine wawili. Wakasema vilevile: kijito cha pili, mkono wa kushoto, kileleni. Nikaandika.

Goti la Mrisho wakati huo lilikuwa limevimba, alikuwa akilala siku nzima kwake Mwembesongo. Nilikwenda kumsomea karatasi. Alisikiliza akiwa amefumba macho hadi siku ya tatu.

"Kwa Mlunga umefika?"

"Sijafika, Kirongozi. Nimeuliza watu watatu, na wote wamesema neno moja."

"Wote watatu?"

"Neno moja."

"Watu watatu wa mlimani wakikubaliana, mimi ningekwenda kuangalia." Akafumbua jicho. "Kwenda na kurudi ni siku nne. Unazo?"

Nilikuwa nazo. Nilikuwa nazo nne kamili kabla ya nakala kupelekwa kwa akida. Na sasa naandika jambo ambalo sijamwambia mtu: siku hizo nne nilizitumia kuiandika karatasi upya. Nilichora mistari kwa rula. Saa niliziandika kwa wino mwekundu na mito kwa wino wa buluu, na kwenye kila mto niliandika maji yanafika wapi mwilini. Ilikuwa karatasi nzuri kuliko zote nilizopata kuandika. Nilijiambia kwamba nabaki ili isiwe na kosa.

Karatasi ikaenda kwa akida. Wiki tatu baadaye tukaondoka, mimi nikiwa kiti cha nyuma katikati ya makopo ya maji.

Siku ya kwanza ilikuwa ya furaha tupu. Tulilala Kiroka, motokaa ikitoa moshi puani na watu wakiinywesha kwa vibuyu. Siku ya pili tulifika Mkuyuni kwa saa niliyoiandika, zikiwa zimezidi dakika chache tu, na Sefu akanitazama akasema, "Wewe karani ni mchawi," nami nikavimba kichwa kama goti la Mrisho. Alasiri hiyo mvua ilinyesha. Vuli ilikuwa imekuja mapema.

Siku ya tatu tulivuka kijito cha pili, tukakata mkono wa kushoto, na hapo barabara ikaanza kupanda. Nilishtuka. Niliona ni barabara mpya kabisa, imechongwa kwenye ubavu wa mlima, udongo mwekundu, upana wa hatua nne kama nilivyoandika, na visiki vilivyong'olewa vimerundikwa pembeni na mizizi juu. Motokaa ilishindwa kwenye kona ya kwanza. Watu walishuka kutoka juu, wanaume kwa wanawake, kimya, wakaisukuma mpaka kileleni.

Kwa Mlunga palikuwa na nyumba kumi na nne. Nilizihesabu, kisha nikazihesabu tena. Hapakuwa na mkuyu wala kijito. Aliyetoka kutupokea alikuwa mtu wa miaka kama thelathini, macho yote mawili mazima.

"Shikamooni," alisema. "Karibuni kwa Mlunga."

Mgeni alishuka taratibu. "Mlunga mwenyewe yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

"Wewe siye. Mlunga ni mzee. Jicho moja halioni."

"Jicho lile lilikuwa la mjomba," alisema yule mtu. "Mengine yote ni yangu. Ulilala kwangu siku nne, ulikuwa na homa. Nilikupa uji wa mtama ukautapika kwenye mkeka mpya."

Mgeni alimtazama, akamgeukia mkewe akamtafsiria, na yule bibi akacheka. "Ni kweli," Mgeni alisema polepole. "Mkeka ulikuwa mpya. Ulikasirika."

"Nilikasirika kidogo. Ulikuwa mgonjwa."

"Lakini mkuyu uko wapi? Na kijito?"

"Ah, hiyo ni kule chini," Mlunga alisema, akionyesha bonde kwa kidevu. "Tulihama nilipokufa."

Mgeni aliona ni maneno ya ajabu na ya kupendeza, akaomba ayaandike kwenye kitabu chake. Mimi sikuwa na haki ya kuyashangaa. Mama yangu ni Mluguru. Nyumbani kwetu nilimsikia akimwamkia kijana mdogo kwake kwa heshima ya mjomba mkubwa, kwa kuwa kijana huyo alikuwa amerithi jina la yule mjomba. Mlimani mtu akifa, mpwa wake hulichukua jina lake, na akilichukua amechukua kila kitu: maneno yake, wageni wake, hata hasira zake. Hayo niliyajua tangu utoto. Ambalo sikuwahi kulifikiria ni hili dogo, kwamba kijiji kikiitwa kwa jina la mtu, na jina likahamia kwa mtu mwingine, na mtu huyo akahama, basi kijiji nacho kimehama. Kwa Mlunga palikuwa pawili. Mgeni alitaka pa zamani. Watu watatu sokoni walinielekeza pa sasa, na hawakukosea hata neno.

Mgeni na mkewe waliketi kula ndizi. Mwanamke mmoja wa makamo alinijia nilipokuwa nimesimama kando ya motokaa. Alikuwa Bi Asha, dada yake Mlunga, na mikono yake ilikuwa na malengelenge yaliyopasuka.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba. Wewe ndiye karani wa njia?"

"Ndiye mimi."

"Nina swali, mwanangu. Kule bondeni kuna njia pana, tangu enzi za misafara. Inapita pale penye mkuyu. Gari lenu lingepita bila sisi kugusa jembe. Kwa nini mlitaka tuchimbe huku juu?"

Nilitazama mashamba yao kwenye mteremko. Nyasi zilikuwa zimesimama kifuani. Nyumba kumi na nne zilikuwa zimechimba wiki tatu nzima, wiki zilezile za kusafisha mashamba, na sasa mvua imekuja na hakuna hata shamba moja lililo tayari.

"Hili la mwaka huu limeshapita," Bi Asha alisema. "Ila mtu wa akida alituambia barabara ikishapita motokaa inaandikwa kitabuni, na kila mwaka kabla ya vuli itakuwa kazi yetu kuifungua upya. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka, mama."

"Basi ungetuandikia na watu wa kutulimia," alisema, akaenda zake.

Tulirudi Morogoro siku ya tano. Mgeni alikuwa na furaha. Alimwandikia Bwana Kosta barua ya kunisifu, kwamba hajawahi kuona safari iliyopangwa vizuri namna ile, na Bwana Kosta aliibandika ukutani. Kilichobaki ni kitu kimoja. Mwisho wa kila safari mpanga njia humpelekea akida taarifa ya barabara: ipi imefaa na ipi haikufaa. Ningeandika kwamba barabara ya kwa Mlunga imefaa, ingeingia kitabuni. Na hakuna mtu mwingine duniani aliyejua kwamba ni kosa. Mgeni alidhani palikuwa na desturi ya kupendeza. Akida alidhani palikuwa na haja. Watu wa kwa Mlunga ndio waliojua, na wao hakuna aliyewauliza.

Siku ya kwanza sikuandika kitu. Siku ya pili niliandika taarifa ya kumlaumu yule mama wa kabichi. Ilikuwa safi sana, haina tone. Nikaichana, nikaenda kwa Mrisho, nikamweleza yote pamoja na zile siku nne na rula.

Alilinyoosha goti lake taratibu. "Umekuja nikwambie ufanye nini," aliuliza, "au umekuja nikwambie hukukosea?"

"La pili, Kirongozi."

"Hilo sinalo."

Asubuhi nilikwenda kwa akida mwenyewe, bila karatasi. Alikuwa mtu wa pwani, mpole, mwenye miwani. Nilisimama nikamweleza: kwamba barabara ile inaelekea mahali ambapo mgeni hakuwa na haja napo, kwamba njia ya bondeni ipo na imo tayari katika kitabu chake cha njia za misafara, na kwamba jina nilikosea mimi.

"Lakini motokaa ilipita," alisema.

"Ilipita kwa kusukumwa, bwana."

"Karatasi uliyoniletea ilikuwa nzuri mno. Nilidhani mahali hapo unapajua."

"Sikuwahi kupakanyaga."

"Na vingine ulivyoniandikia miaka hii yote?"

"Vingine vyote nilivikanyaga."

"Nitajuaje?"

Alikuwa na haki ya kuuliza, na mimi mwenyewe ningeuliza. Akavua miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa tena. Kisha akafungua kitabu, akaitafuta ile barabara mpya ambayo ilikuwa imeandikwa kwa penseli ikisubiri taarifa yangu, akaipiga mstari.

"Hii imekwisha," alisema. "Na mwambie Kosta karatasi zijazo nataka mwandiko wa mtu mwingine."

Nilimwambia Bwana Kosta siku ileile. Hakupiga kelele. Alisema nimejibu swali ambalo hakuna aliyeniuliza, na kwamba mpanga njia ambaye akida hamwamini ni sawa na hema lisilo na nguzo. Nilimkabidhi kalamu na wino. Barua ya Mgeni ilikuwa bado ukutani, nami nikatoka.

Sasa ninyi mnaokalia kile kiti, nawapa hili moja la kazi, mengine mtayapata kwenye karatasi nilizoacha. Mkiandika kwa fulani, andikeni na mto ulio jirani na mti ulio mlangoni, na mkiuliza njia ulizeni pia: huyu ni fulani wa ngapi? Watawacheka kidogo. Watajibu.

Wiki ile nilikwenda kwa Mlunga kwa miguu, kuwaambia. Niliona ni haki yao kusikia kutoka kwangu. Nilimkuta Mlunga analitia jembe makali, na Bi Asha ameketi kizingitini anachagua mbegu kwenye ungo.

"Barabara imefutwa," nilisema. "Kitabuni haimo. Hamtaitwa tena kuifungua."

"Nani ameifuta?" Mlunga aliuliza.

"Akida. Nilimwambia nilikosea."

"Alikufanya nini?"

"Sina kazi tena."

Mlunga alilitazama jembe, akalitazama lile jeraha jekundu lililoshuka mlimani. "Kwa hiyo hii sasa ni ya nani?"

"Ni yenu."

Bi Asha alikuwa ameshasimama na ungo wake. "Mahindi tumeyakosa mwaka huu," alisema. "Maharage bado yanakubali. Na ardhi iliyolimwa tunayo moja tu." Alipita mbele yetu, akashuka hadi kwenye kona ya kwanza, akapima kwa macho upana wa hatua nne ambao niliuandika mimi. "Visiki vimeng'olewa. Udongo laini. Ziiteni na nyumba nyingine."

Walikuja wote. Kila nyumba ilichukua kipande chake cha barabara, kuanzia kileleni kushuka chini. Mimi nilisimama pembeni, sijui niage au nibaki, mpaka Bi Asha akanitia kiganja cha mbegu mkononi na kunionyesha kona ya juu.

Nilipanda kwa kupima, mbegu tatu kila shimo, shimo na shimo shubiri mbili. Nilifika nusu nikaona mstari umepinda, nikarudi kuyafukua mashimo ya mwanzo.

"Mwanangu," Bi Asha alisema bila kuinua kichwa, "usiyanyooshe mno. Maharage hayajui kusoma."

Watu walicheka barabara nzima, kutoka kileleni mpaka chini, na mimi nikaendelea kupanda.

Hii ni siku ya kumi na mbili tangu siku hiyo. Jana sokoni yule mama wa kabichi aliniambia yameota vizuri njia nzima, yana majani manne, isipokuwa kwenye kona ya juu, ambako maji ya mvua yameteremka na kuzifukua mbegu zote. Kona hiyo ni yangu. Nimenunua mbegu nyingine, na kesho naondoka kwenda kupanda tena.